Maswali ya Wasomaji: Kupanga Gia za Lori Mchezoni

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi michezo miwili ya kompyuta inayoigiza kazi ya udereva wa malori, yaani Euro Truck Simulator 2, iliyotoka mwaka 2012, na American Truck Simulator, iliyotoka mwaka 2016, zote mbili zikiwa kazi ya kampuni ya SCS Software ya Prague, katika Jamhuri ya Cheki. Barua zilizofika tangu wakati huo zinahusu karibu jambo moja tu, nalo ni gia. Nimefurahi, kwa sababu niliendesha matrela kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi kabla sijaketi mbele ya kompyuta, na ninaamini kwamba anayecheza mchezo huu kwa gia ya otomatiki ameiacha nje sehemu tamu kuliko zote.

*Nimenunua usukani wa Logitech wa mitumba, wenye pedali tatu, pamoja na mkono wake wa gia. Mkono huo una nafasi 6 za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Lori langu mchezoni limeandikwa kuwa na gia 12, na ninalotamani kununua lina 16. Nikifika gia ya 6, injini inanguruma tu na mwendo hauongezeki. Gia nyingine ziko wapi?* — Msomaji, Umoja

Ndugu yangu, gia zako zipo zote, ila zimepangwa kwa tabaka. Hata lori halisi la gia 16 halina mkono wenye nafasi 16. Ndani ya giaboksi kuu mna gia 4 za kawaida. Nyuma yake mna sehemu ya pili ambayo madereva huiita renji, yenye ngazi ya chini na ngazi ya juu. Ukiwa katika renji ya chini, nafasi zako 4 ni gia ya 1 hadi ya 4. Ukiinua swichi ya renji, nafasi zile zile zinakuwa gia ya 5 hadi ya 8, na mkono unarudi pale ulipoanzia. Kisha kuna splita, ambayo huigawa kila gia kuwa nusu mbili, nzito (yenye nguvu zaidi) na nyepesi (yenye mwendo zaidi). Nne mara mbili mara mbili ni 16. Giaboksi ya gia 12 ya Scania hufuata hesabu hiyo hiyo kwa gia 3 za msingi, na ile ya gia 14 imeongezewa gia ya kutambaa, ambayo nayo hugawanywa na splita. Ile ya Eaton Fuller ya gia 18 inayotumika Marekani ina nafasi 5 za mbele: moja ya kuondokea tu yenye nusu mbili, na 4 ambazo hupitiwa mara mbili kwa renji na kugawanywa kila mara kwa splita, ambazo huzaa 16. Kwa hiyo mkono wako wa nafasi 6 unatosha kwa yote.

Unachokosa ni swichi mbili. Ingia katika mipangilio ya mchezo, uchague aina ya gia ya mkono wa H, yaani mkono unaopita katika njia zenye umbo la herufi H, badala ya otomatiki au ya mfuatano, kisha uchague mpangilio wa nafasi unaolingana na giaboksi ya lori ulilonunua, na hatimaye uipe kila swichi kazi yake, moja renji na nyingine splita. Kirungu cha mkono wa Logitech hakina kitufe chochote, hivyo wengi huanza kwa kutumia vitufe vya usukani. Vitafanya kazi, lakini kitufe cha kubonyeza na kuachia hakikuambii uko wapi. Swichi ya kuinua na kushusha hukaa pale ulipoiacha, na kidole kinajua renji iko juu au chini bila jicho kuondoka barabarani. Fundi wa vifaa vya elektroniki katikati ya jiji anaweza kukufungia swichi mbili ndogo kwenye kirungu, akaziunganisha na bodi ndogo kama Arduino Leonardo, ambayo kompyuta huitambua kuwa kifaa cha kuchezea. Ni kazi ndogo, nami sijui matumizi mengine ya pesa yatakayoubadilisha mchezo wako kwa kiasi hicho.

Ukishazipata swichi hizo, utaratibu ni huu: swichi hutangulia, mkono hufuata. Ungali katika gia ya 4 na mguu uko juu ya mafuta, inua renji. Kisha kanyaga klachi, toa mkono kwenye nafasi ya 4, upitishe katikati, uulete nafasi ya 1. Katika lori halisi hewa ndiyo inayoisukuma renji wakati mkono unapopita katikati, na ndiyo sababu hutakiwi kuukimbiza pale. Splita haihitaji mkono kabisa; unapindua swichi, unakanyaga klachi, unaiachia, na nusu ya gia imeshabadilika. Usishushe renji ukiwa katika kasi kubwa. Katika lori la kweli hilo ni kosa linalovunja vyuma.

Kuhusu wakati wa kubadilisha, nitakupa hesabu moja, kwa sababu ukiielewa hutahitaji kukariri mengine. Katika giaboksi moja ya gia 16 ya kampuni ya ZF ya Ujerumani, injini huzunguka mara 16.41 ili shafti ya kutokea izunguke mara moja katika gia nzito kuliko zote, na katika gia ya mwisho huwa moja kwa moja. Umbali huo umegawanywa kwa hatua 15 zinazokaribiana, kiasi kwamba kila nusu ya gia huishusha mizunguko ya injini kwa takriban moja ya sita. Ukibadilisha nusu ukiwa mizunguko 1,500 kwa dakika, utajikuta karibu na 1,250. Ukiruka gia nzima, utajikuta karibu na 1,030. Injini kubwa ya dizeli ya lori hupenda kukaa kati ya 1,000 na 1,500. Kwa hiyo, kwenye tambarare, kontena likiwa tupu, hakuna haja ya nusu. Ondoka na gia ya 3 na uruke gia nzima nzima. Lakini lori likiwa na mzigo, mlima ukiwa mbele yako, gia nzima itakuangusha chini ya pale ambapo injini ina nguvu, lori litapoteza mwendo wakati mguu uko kwenye klachi, na utalazimika kurudi ulikotoka. Hapo ndipo nusu ya gia huonyesha kwa nini ilitengenezwa. Mtu anayepanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Nairobi na tani zake nyuma anaishi kwa nusu za gia kutoka chini hadi juu.

*Sina usukani. Nina kipakatalishi na kibodi. Je, nibaki na otomatiki?* — Msomaji, Kasarani

La. Chagua gia ya mfuatano, ambayo hutumia vitufe viwili tu, kimoja cha kupanda na kimoja cha kushuka. Utakosa klachi na utakosa kazi ya mkono, lakini uamuzi wa gia ipi itumike na kwa wakati gani utakuwa wako, na huo ndio moyo wa jambo lenyewe. Tazama mita ya mizunguko, sikiliza injini, na ujizoeze kubonyeza mara mbili mfululizo unapotaka kuruka gia lori likiwa tupu.

*Mimi ni utingo, na dereva wangu alinifundisha kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia. Mchezoni nikikanyaga mara moja gia inaingia bila shida. Je, niendelee na mara mbili, au ninajichosha bure?* — Msomaji, Mlolongo

Endelea, na umshukuru dereva wako. Ndani ya giaboksi za kisasa za mkono za Ulaya mna pete zinazosawazisha kasi ya vyuma viwili kabla ya meno kukutana, na ndiyo maana klachi moja hutosha. Giaboksi za Eaton Fuller hazina pete hizo katika gia zake kuu. Huko dereva mwenyewe ndiye msawazishaji: hukanyaga klachi na kutoa gia, huiachia klachi mkono ukiwa nyutro, hungoja mizunguko ishuke ikiwa anapanda gia, au hupiga resi kidogo ikiwa anashuka gia, kisha hukanyaga tena na kuingiza. Hatua ya gia nzima katika giaboksi hizo ni karibu asilimia 38, hivyo ukitoka 1,500 unaitafuta 1,090 hivi, yaani unaacha mizunguko kama 400 ianguke. Anayewahi, meno hulia. Anayechelewa, meno hulia vilevile.

Mchezo, kwa mipangilio ya kawaida, haukudai jambo hilo. Ukiikanyaga klachi vizuri, gia huingia hata kama mizunguko imepishana. Naliona hilo kuwa pengo kubwa kuliko yote katika uigizaji wake wa gia, hasa katika American Truck Simulator, ambamo malori yenyewe huvaa giaboksi zilizojengwa juu ya ustadi huo. Lakini hakuna anayekukataza kujidai mwenyewe. Mara mbili yako mchezoni hukufundisha kipimo cha muda kati ya gia na gia, na sikio lako huanza kuijua sauti ya 1,100 bila kutazama mita. Jambo moja tu usilibebe kichwa kichwa: katika malori ya Eaton Fuller klachi hukanyagwa hadi sakafuni lori likiwa limesimama tu, kwa kuwa pale mwisho pana breki ndogo ya kusimamisha shafti. Lori likiwa linatembea, klachi hukanyagwa nusu ya safari yake, kiasi cha kuitenga injini.

*Barabarani madereva wengi huweka nyutro wakishuka mlima ili kuokoa mafuta. Nimejaribu mchezoni na lori linakimbia vizuri sana. Kwa nini watu wanasema ni vibaya?* — Msomaji, Athi River

Ndugu, swali hili nalijibu kwa urefu na kwa uzito, kwa sababu unalijaribu mchezoni leo, na huenda kesho ukakaa nyuma ya usukani wa kweli.

Kwanza, mafuta. Injini ya kisasa ya dizeli, ikiwa ndani ya gia na mguu wako umetoka kwenye mafuta, hukata kabisa unyunyizaji wa dizeli, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro, injini haina tena wa kuizungusha, na inabidi ijinyweshe dizeli ili isizime. Anayeweka nyutro mteremkoni anachoma mafuta ambayo mwenzake aliye ndani ya gia hachomi.

Pili, uzito. Lori la tani 40 likishuka mita 100 za kimo, lina nguvu ya takriban megajuli 39 ya kutoa mahali fulani, ambayo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji ya baridi. Sheria zetu za Afrika Mashariki huruhusu hadi tani 56 kwa lori la ekseli 7, na miteremko yetu haiishii mita 100. Nguvu hiyo ina njia mbili kuu za kutokea. Ama injini inaibeba, kwa kusukuma hewa dhidi ya ekzosti breki, yaani kizuizi kinachoziba njia ya moshi wa injini, ama inaingia katika ngoma za breki za magurudumu kama joto. Ngoma zikishapata moto mwingi, breki hushika kidogo na kidogo zaidi kila unapokanyaga, mpaka unakanyaga pedali na lori haliitikii.

Tatu, na hili ndilo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kutoka nyutro hakuna njia ya kurudi. Lori likishafika kasi ambayo gia nzito ingedai mizunguko 3,000, na injini yako haiwezi kuzidi 2,400, hakuna klachi wala ustadi utakaoiingiza gia hiyo. Katika mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru na Eldoret, nyutro imetajwa mara kwa mara kuwa chanzo cha ajali zilizoua watu wengi, na barabara yenyewe ikabidi itenganishwe pande zake mbili. Nimepita pale nikiona vyuma vilivyobaki kando. Siwezi kuiita nyutro akiba.

Sasa mchezoni, fanya hivi. Washa uigizaji wa breki za hewa katika mipangilio, ili kila unapokanyaga breki hewa ipungue na uone sindano ikishuka. Chukua mzigo mzito, uelekee milima ya Uswisi au Austria, au, kwa wenye American Truck Simulator, Colorado. Kabla ya kilele, si baada yake, punguza mwendo na uingize gia ambayo, mguu ukiwa nje ya mafuta na ekzosti breki ikiwa imewashwa, lori litashuka nayo likiwa halijaongeza mwendo. Mizunguko na ikae juu, karibu na mwisho wa eneo salama la mita, bila kugusa rangi nyekundu, kwa kuwa ekzosti breki hushika zaidi injini inapozunguka kwa kasi. Tulipokuwa vijana tuliambiwa tushuke mlima na gia ile ile tuliyoupandia. Kwa injini za siku hizo kanuni hiyo ilifaa. Injini za leo zina nguvu nyingi, nazo hupanda na gia nyepesi mno ambayo haiwezi kulishika lori wakati wa kushuka, kwa hiyo mimi huchukua gia moja au mbili nzito zaidi ya ile ya kupandia. Ukiona unakanyaga breki ya mguu tena na tena, ujue uliikosea gia kule juu. Simama penye nafasi, uanze upya kwa gia nzito zaidi, wala usijaribu kubadilisha katikati ya mteremko.

*Mwanangu wa miaka 17 hucheza mchezo huu kila jioni kwa usukani na gia. Ananiambia kwamba akimaliza shule hatahitaji kufundishwa lori, kwa sababu tayari analijua. Nimwamini?* — Mama, Buruburu

Mama, mwamini nusu. Kijana anayecheza kwa gia ya mkono, kwa uangalifu, atafika katika shule ya udereva akiwa anaelewa renji na splita ni nini, akijua kuitazama barabara iliyo mbele na kuichagulia gia mapema, na huenda akawa anajua kurudisha trela nyuma, jambo ambalo wanafunzi wengi huchukua wiki nyingi kulijua. Hayo si madogo. Nimewaona vijana wa aina hiyo wakishika haraka.

Lakini kuna mambo ambayo meza haiwezi kumpa. Klachi ya lori ni nzito, na mguu hutetemeka baada ya saa mbili za foleni ya Mombasa Road. Mwili hauhisi mzigo ukisukuma kutoka nyuma, wala kiti hakimwambii kwamba gurudumu limeanza kuteleza. Zaidi ya yote, mchezoni akikosea hulipa faini ya pesa za mchezo na kuendelea na safari. Hofu inayomfanya dereva apunguze mwendo kabla ya kona haifundishwi kwa njia hiyo. Sheria nayo humdai leseni ya daraja lake, kwa mafunzo na mtihani, na trela lina daraja lake la CE. Muulize jioni moja, akiwa anacheza, kwa nini amechagua gia aliyoichagua. Akikujibu kwa kutaja mlima ulio mbele, mzigo na mizunguko ya injini, anajifunza. Akikujibu kwamba gia imeingia yenyewe, yuko kwenye otomatiki.

*Mkono wangu wa gia niufunge upande gani wa meza? Picha zote ninazoziona wameufunga kulia.* — Msomaji, South B

Ufunge kushoto. Picha hizo ni za nchi ambako usukani wa gari uko kushoto, na dereva hubadilisha gia kwa mkono wa kulia. Kwetu usukani uko kulia na gia iko mkono wa kushoto, na mkono utakaouzoeza mezani na uwe ule utakaoutumia barabarani. Katika Euro Truck Simulator 2 unaweza kununua lori lenye kebini ya usukani wa kulia, na ukiwa Uingereza utaendesha upande wa kushoto wa barabara kama hapa. Mpangilio wa H haugeuki, gia ya 1 inabaki pale ilipo, ila kwa mkono wa kushoto itakuwa upande ulio mbali na mwili wako. Siku 3 au 4 za kwanza utaingiza gia ya 3 ukiitafuta ya 1. Kaza skrubu za kibano vizuri chini ya meza, kwa sababu unapobonyeza mkono chini ili kuingiza gia ya kurudi nyuma, meza nyepesi huinuka, na weka kiti chako mahali ambapo kiwiko kinabaki kimekunjwa kidogo hata mkono ukiwa katika nafasi ya mbali zaidi.